Klachi, Mara ya Tatu

Mara ya kwanza tulifunga kifuniko jioni, saa kumi na moja,
gasketi nimeikata mwenyewe kwenye boksi la sabuni
kwa mkasi wa cherehani wa Nsimire, naye hajajua bado.
Mugisho akapiga kiki. Pikipiki ikaitika.
Akabana klachi, akatia gia ya kwanza,
na kabla hajaachia chochote
ikaanza kutambaa kuelekea barabarani,
polepole, kama mbuzi aliyenusa chumvi.

"Fundi, moto yako haisikii mkono."
Ilipokuja ilikuwa yake. Sasa imekuwa yangu.

Tukaanza na vya bure. Kebo:
niliiachia nafasi ya unene wa ukucha,
nikakaza nati, nikalegeza, nikakaza.
Hapa Essence kila mpita njia ni daktari.
Muuza ndagala akasema ni mafuta.
Muuza vocha akasema diski za siku hizi ni karatasi.
Mama wa makaa akasema, uza.

Mara ya pili tulifungua mvua ikigonga bati.
Nikalaza kila diski ya chuma juu ya kioo cha dirisha
nitafute iliyopinda. Mwanga haukupenya chini ya hata moja.
Springi nne nikazisimamisha mstarini
kama watoto wa shule. Kimo kimoja.
Ila zile za kizibo nilizifunga kavu. Hilo ni langu.
Diski mpya ni maharage, hulowekwa usiku,
nami nilikuwa na haraka ya hela ya Mugisho,
Mugisho ana haraka ya hesabu ya mwenye moto.
Zikalala ndani ya mafuta, ndani ya sufuria
ambayo pia Nsimire hajajua.

Asubuhi: kifuniko, boliti, kiki, gia.
Ikatambaa. Kidogo kuliko jana, lakini ikatambaa.

Nimelaumu kebo, nimelaumu mafuta,
nimelaumu mlima wa Kadutu
na abiria wanaopanda wawili na gunia la unga.
Kitambaa changu cha kuwekea vyuma sikukilaumu.
Usiku nikavihesabu kichwani, kimoja kimoja,
kama mfiwa anayehesabu wageni baada ya mwavuli kupotea:
fimbo ndefu ya kusukuma,
fimbo fupi,
na kati yao

kati yao nikaamka.

Kulipokucha, nje ya uzio, Murhula wangu wa miaka saba
alikuwa amepiga magoti kwenye tope jekundu,
jicho moja amelifumba.
Siku tatu hajashindwa. Gololi kumi na moja za kioo
amewanyang'anya wenzake kwa moja ya chuma,
nzito, bado ina wekundu wa grisi.

Sikumpiga. Tulijadiliana bei.
Akataka kupanda mbele, juu ya tangi,
mpaka juu Kadutu na kurudi.
Mugisho akakubali bila kuniuliza.

Mara ya tatu niliisukuma tunduni kwa ncha ya kidole,
nikaisikia ikigusa fimbo: tik.
Kiki. Klachi. Gia ya kwanza.
Pikipiki ikasimama palepale, inanguruma,
haina safari.
Tuliitazama kimya, watu wazima wawili,
kama wanaoogopa kumwamsha mtoto mchanga.

Kisha wakapanda mlima, gololi kumi na moja
zikilia mfukoni mwa kaptula,
na Nsimire akatoka mlangoni
na sufuria mkononi.