Swali la Tano

Saa nne usiku, Kutaisi. Mvua imemaliza kusema
na mifereji ya paa bado inarudia maneno yake.
Mezani, karatasi ya Bwana Bondo, swali la tano;
vidole vyangu vinanuka grisi ya lifti
niliyoshinda nayo tangu asubuhi, ghorofa ya tisa, ng'ambo ya Rioni.

Ardhi nimeichagua: fundo la chini, sifuri.
Hilo jepesi, lazima mtu awe na pa kusimama.
Juu kushoto, A. Juu kulia, B.
Ampea sita zinaingia A.
Omu mbili zashuka kutoka A, omu nne kutoka B.

Lakini kati yao, katika umbo la almasi,
kimekaa chanzo kisicho na neno lake mwenyewe:
volti zake ni mara mbili ya i,
na i haipiti kwake,
i inashuka kule, kwenye omu mbili, haina habari naye.
Nauliza: ndani yako mnapita mkondo kiasi gani?
Kimya.
Hana ukinzani nikaugawia volti.
Nimefuta mara tatu, karatasi imetoboka.

Chumba cha pili mama anaikodolea simu.
Zurabi akilipwa huko Gdańsk, sufuria zetu huimba.
Zurabi akikohoa,
tunakula mkate mkavu, na mkate upo, na jibini ipo.

Pembeni, kwa wino wa kijani, Bwana Bondo ameandika:
*Usimhoji. Mzungushie.*

Haya. Nachora duara moja, A na B ndani,
na almasi yao, na siri ya mkondo wao.
Fundo moja kubwa. Kiingiacho ndicho kitokacho:
sita ni A gawanya kwa mbili,
jumlisha B gawanya kwa nne.
Kisha ile ahadi yao: B toa A ni mbili i.
Na i je?
Nusu ya A! Ilikuwa hapa hapa, Nazibrola,
miaka yote unapanda na kushuka na nyaya.
B ni A mara mbili. A, volti sita. B, kumi na mbili.
Ampea tatu huku, tatu kule.

Simu inalia. Namsikia mama: "Umekula?"
kisha kimya kirefu,
kisha kifuniko cha sufuria.

Nachonga penseli.
Swali la sita lina almasi mbili.