Mkono Mfupi

Swalehe wa Kondoa, fundi vitanda wa Chang'ombe,
kila Ijumaa kabla ya swala huniachia gunia mlangoni:
vipande vya mninga, vya mkongo,
visigino vya miguu ya meza.
"Msalaba ni wenu," husema, "ila mbao ni zangu.
Usinikatie ovyo."

Sikati ovyo. Nakata polepole,
kushoto kumebaki vidole vitatu;
viwili viko Kibaigwa, kwenye mashine ya kupasua,
tangu mwaka ule mvua ilipogoma
na uwele ukaungua shambani.

Msumeno. Patasi. Tupa iliyolika meno.
Kipande juu ya kipande,
navichimba nusu kwa nusu mpaka vikubaliane.
Msumari siutaki:
ulikwisha kufanya kazi yake.

Halafu msasa, hadi vumbi jekundu la mninga
lichanganyike na vumbi letu la Dodoma
na binti yangu Nyemo asijue kwenye shati afue lipi.
Halafu mafuta ya alizeti. Tone, kitambaa, tone.
Mti uliokufa unafumbua macho.

Hamsini huuzwa kanisani siku ya mavuno.
Pesa yake ni nauli ya wagonjwa wa macho,
Manda hadi Mvumi, kwenda na kurudi, na chai njiani.
Inayobaki siiuzi.
Naitia mfuko wa rambo, naenda nayo wodini.

Ndiko nilikomkuta Bibi Madeje, bandeji macho yote.
"Mbukwenyi," nikamwamkia, nikampa wake.
Akaupokea kwa viganja viwili, kama apokeaye maji.
Akaupapasa wima. Akaupapasa kingo.
Akapima huku, akapima kule, akarudi huku.
"Fundi, mkono wa kushoto ni mfupi."

Nilitaka kusema ni fundo la mti,
ni umeme, ulikatika, nilimulikiwa na simu.
Badala yake nikampa mkono wangu.
Akahesabu: kimoja, viwili, vitatu.
Akatafuta pale penye pengo.
Akahesabu tena.

"Basi," akasema, "hujakosea kipimo."

Juzi wamemfungua.
Ameona dirisha. Ameona muuguzi ana mwanya.
Ameona kucha zake mwenyewe, akazionea aibu.
Nilipoingia akautoa msalaba chini ya mto,
akautazama, akanitazama, akautazama,
kisha kwa sauti ya kuitia ng'ombe, wodi nzima ikisikia:
"Kumbe ulikuwa mzuri zaidi nilipokuwa siuoni!"

Tulicheka hadi mgonjwa wa kitanda cha tatu
akaomba tunyamaze, bandeji yake inalegea.

Nikanyoosha mkono. "Lete, Bibi,
nipunguze na wa kulia, ilingane."

Akaufumbata kifuani kwa mikono yote miwili.

"Thubutu."