Mkia wa Msafara

Saa kumi na mbili na robo, lango la msitu wa Magamba.
Tuko kumi na watatu, tumepanda jana kutoka Tanga mjini,
watu wa tambarare, watu wa jasho la Raskazone,
na leo tunapuliza vidole kama wanaokoleza mkaa.
Shekalaghe, mlinzi wa msitu, anatucheka kwa mabega tu:
yeye ana shati moja, na mabuti ya mpira.

Mimi ndiye mkia.
Kazi ya mkia ni kukimbia nyuma ya kila mtu
na kubeba chumvi, bandeji, machungwa ya Muheza,
na neno "pole" lililo tayari mdomoni.
"Msafara wa mamba na kenge wamo," alisema Semkiwa,
akanikonyeza. Nikamjibu:
kenge ndiye anayefunga mlango.

Kisha filimbi. Kisha mlima.

Mlima haubishi hodi, unaingia mapajani
na kukaa.
Mizizi imelowa, inang'aa kama migongo ya kambare.
Semkiwa, fundi cherehani wa Ngamiani,
anashona kona na kona, uzi wake haukatiki;
Mwalimu Mhina anahesabu pumzi kwa sauti ya darasa la tatu;
Bi Hoza, mama wa wanne, kila panapokuwa kisimamo
anatembea, mikono kiunoni, hana deni na mtu.
Na Mwantumu, mhasibu wa bandarini,
ana saa inayosema: kila kilomita inajitangaza,
mpaka mbega juu ya mkulo wananyamaza kuisikiliza.

Kwenye kijito tukasimama kunywa.
Nikahesabu.
Kumi na wawili.
Nikahesabu tena kwa kugusa mabega,
kama kuku anavyokusanya vifaranga kivuli cha mwewe kikipita.
Kumi na wawili, na mimi nimo.

Hakuna aliyesema kitu. Walinitazama tu.
Mtu hawezi kupotea nyuma ya mkia
mpaka mkia wenyewe umpite.
Ningesema ukungu. Ningesema kona.
Ukweli ni kwamba nilikuwa natazama viatu vyangu,
vipya, vya kukopa.

Nikageuka.
Mlima haujui kwamba ulishalipa, unakudai upya.
Niliita "Mwantumu!" na ukungu ukalimeza jina
kama ugali wa moto, bila kutafuna.
Nikawaza mguu uliovunjika. Nikawaza korongo.
Nikawaza mama yake pale Chumbageni,
na maneno ambayo ningeyatafuta nikiwa barazani kwake.

Nikamkuta amechuchumaa, hatua mbili kutoka njiani,
mzima, amefunika saa kwa kiganja
isije ikasema.
"Ulinipita," akanong'ona. "Ukapiga chafya, ukaenda zako.
Usisogee. Anavuka."

Kinyonga.
Mdogo, hata kidole changu kinamzidi,
mguu mmoja hewani, akiuliza kama njia ipo.
Kwetu Pongwe tulimkimbia kinyonga, tukatema mate;
leo magoti yangu yalikataa kukimbia,
nikakaa kwenye tope.
Mguu ukashuka. Mwingine ukainuka, ukasita,
ukarudi nyuma nusu, ukaenda.
Jicho moja lilitazama anakokwenda.
La pili liligeuka polepole likanitazama mimi,
na nikaona haya:
huyu ndiye anayejua kazi ya mkia.

Sijui tulikaa muda gani. Saa ilijua.
Tulipofika kijitoni ikatangaza, bila huruma, mbele ya wote:
kilomita ya tisa, dakika thelathini na nne.
Semkiwa akacheka hadi akashika mti.
"Mlikuwa mnalima?"

Sikujibu. Nilimenya chungwa, nikagawa,
nikahesabu pande na midomo:
kumi na watatu, na Shekalaghe.

Usiku ule, nyumba ya wageni Lushoto, tukiwa chini ya mablanketi mawili mawili,
Mwantumu alinakili mbio zetu kwenye daftari la klabu,
mwendo wa kila kilomita, kwa wino.
Mhasibu asiyesamehe senti tano.
Ya tisa hakuifuta.