Ncha ya Kiatu

Jukwaa kubwa liko uwanjani,
lina wageni waalikwa na maji ya chupa.
Sisi tumepewa ghala la chama cha msingi,
maana ni Julai, na ghala la korosho mwezi wa Julai
halina kitu ila harufu ya salfa
na paka mmoja asiyeamini kwamba msimu ulikwisha.

Kwenye ratiba tuliandikwa nyuma ya karatasi, kwa kalamu:
"Na vichekesho. Ghalani. Usiku."
Saa ngapi, hawakusema.

Mimi ni mkata tiketi na mshika tochi,
na Fidea akizidiwa na kikohozi, mimi ndiye mke wa pili.
Kiingilio mia tano.
Asiye nayo alete korosho, nazipima kwa kikombe,
kangomba ya sanaa,
Mungu atusamehe na polisi wasisikie.

Walikuja watu kumi na tisa.
Niliwahesabu kwa sababu nilikuwa na muda wa kuwahesabu.
Kina mama wa kikoba, vitenge viwili viwili mabegani,
maana upepo wa Newala ukipanda kutoka bonde la Ruvuma
haubishi hodi.
Vijana watatu wa bodaboda, mmoja hakuvua helmeti.
Mtoto aliyelala kabla ya mwanzo
na hakuamka hata baada ya mwisho.
Na nyuma kabisa, juu ya magunia matupu,
Bwana Nalinga, karani wa mizani.

Nikamnong'oneza Somoe nyuma ya turubai:
"Yupo."
"Nani?"
"Mwenyewe."
Somoe alikwisha jichora masharubu kwa mkaa,
kalamu nne mfukoni mwa koti,
na alikuwa akiufanyia mazoezi ule mguno
Nalinga anaoguna kabla ya kutaja namba.
Akautazama mlango. Mlango ulikuwa upande wa Nalinga.
"Basi," akasema, "tunacheza."

Chilumba akaingia na gunia la maranda,
akalitundika kwenye ndoano.
"Nyumbani lilikuwa tisini."
Somoe akaguna. "Themanini na tatu."
"Na zile saba?"
"Unyaufu."
"Kutoka nyumbani hadi hapa?"
"Umekuja kwa miguu au kwa baiskeli?"
"Baiskeli."
"Ndiyo hiyo. Umezikausha na upepo."

Wakacheka, lakini kicheko cha kuangalia nyuma kwanza.
Somoe akaongeza chumvi:
akapitisha goti chini ya gunia,
akalinyanyua kidogo, huku macho yako darini
kama mtu anayesali.

"Goti hapana!"

Ilikuwa sauti ya Nalinga. Amesimama, kofia mkononi,
amekereka kama fundi aliyeona msumari umepinda.
"Goti linaonekana na kila mtu! Ni ncha ya kiatu!"

Kimya.
Nilimsikia paka akijilamba.
Kisha ndani ya helmeti kitu kikapasuka,
na ghala zima likafuata, mabati yakaitikia,
kina mama wakashikana wasianguke,
Chilumba akalia machozi juu ya gunia lake la uongo.
Nalinga naye akacheka. Alichelewa kidogo,
akacheka na mdomo tu, akaketi.

Esha Mchopa hakucheka.
Alisubiri tumalize, akauliza bila kupaza sauti:
"Mwaka gani?"
Jenereta likachagua dakika hiyo kuzimika.
Gizani nilisikia mguno,
nao haukutoka kwa Somoe.

Baadaye akaja mgeni mmoja wa jukwaa kubwa,
kitambulisho shingoni, pongezi tele:
"Yule mzee wa nyuma mmempata wapi?
Anaigiza kama kweli! Mnamlipa kiasi gani?"
Nikamwambia, "Huwa anajilipa."

Tukakunja turubai. Kwenye kopo elfu sita na mia tano,
na korosho vikombe sita.
Esha alikuwa bado pale chini ya ndoano,
saba, mara magunia kumi na moja, mara misimu,
vidole vimemwishia.
Akamwomba Somoe kalamu moja kati ya zile nne.
Tulidhani ni za mchezo.
Ilikuwa inaandika.