Kofia ya Pikapu

Stesheni wagoni yetu ilifia Lewiston, Mtaa wa Lisbon,
theluji ikiwa magotini,
na ndani yake watoto wawili, mbuzi aliyekatwakatwa,
na harufu yake ambayo Asifiwe
aliivaa shuleni siku tatu kama sweta.

Hapo ndipo Byamungu alipoanza kuota magari.
Wifi yangu Nabintu akasema: chukueni la juu kama langu,
viti saba, vyote vinapasha joto,
mlango wa nyuma unafunguka ukiupungia mguu.
Ni kweli. Nimewahi kuupungia mguu mlango huo
nikiwa na ndoo ya rangi mkononi.
Ukafunguka polepole, kama bibi harusi anayefunuliwa shela,
halafu nikaambiwa: rangi hapana, wifi. Zulia.

Sisi tunapaka rangi nyumba za watu.
Tuna ngazi, maturubai, madumu,
tuna mashine inayokohoa vumbi la plasta.
Gari la zulia litatufaa nini?
Tukanunua pikapu, nyekundu, wazi, sahani isiyo na kawa.
Asubuhi ya kwanza theluji ilikuwa imelala humo
kama mpangaji asiyelipa kodi,
nikaichota kwa koleo kabla sijachota riziki.

Funika kombe mwanaharamu apite, tulifundishwa.
Huku mwanaharamu ni theluji,
na hapiti hadi Aprili.

Kwa hiyo, kofia.
Bwana Thibodeau wa ghorofa ya chini alikuwa nayo nyuma ya gereji,
nyeupe, ya faibaglasi, dirisha moja lina ufa
uliozibwa kwa gundi na subira.
Haikuoana na gari: suti ya mtumba,
koti la marehemu huyu, suruali ya marehemu yule.
Alitaka dola mia mbili. Byamungu akatoa mia na ishirini
na jiko la mzee kupakwa rangi bure.
Wanaume wanne waliinyanyua. Wa tano, Thibodeau mwenyewe,
alitoa amri kwa Kifaransa ambacho hata sisi
tuliosomea Bukavu tulikisikia nusu.

Sitasema uongo, ina kero zake.
Friji halisimami humo. Kabati linalazwa kama mgonjwa.
Ukifunga breki, mizigo hukimbilia mbele gizani,
mkono haufiki, ufagio haufiki,
inabidi mtu mzima mwenye cheti cha ualimu
apige magoti kwenye bati la baridi, atambae.
Nabintu alinipiga picha. Zilionekana nyayo tu.

Lakini mbuzi sasa anasafiri kwake, nasi kwetu,
kuna kioo kati yetu.
Ngazi fupi inalala kavu. Ukifunga kufuli, umefunga.
Asifiwe ananukia sabuni.

Juzi kitunguu kimoja kilitoroka mfukoni
kikabiringika hadi mwisho. Nikakifuata,
tochi mdomoni, kisha nikageuka chali nipumzishe mgongo,
na pale kwenye dari, kwa kalamu ya risasi:
*Juni, inchi kumi na nane.*
*Juni, inchi tisa, tumemrudisha.*
Roland, Lucille, Lucille, Roland,
miaka na miaka ya samaki,
halafu Roland, Roland, Roland,
halafu hakuna samaki,
tarehe tu.

Nilikumbuka lile jiko lake nililolipaka.
Vikombe viwili msumarini, kimoja kina vumbi.
Nilikiondoa nipitishe brashi
nikakirudisha na vumbi lake.

Byamungu anataka kupaka humo ndani rangi nyeupe,
imebaki ndoo nzima, na mwanga ungeongezeka.
Nimemwambia apake kwingine.
Sikumweleza. Niliingia tena usiku na penseli ya Asifiwe,
nikaandika pembeni, mbali na majina yao:
*Machi. Kitunguu kimoja. Kimepatikana.*

Leo Nabintu amepiga simu.
Ana godoro la kuhamisha Jumamosi,
na kwake, si unajua,
kuna zulia.