Anwani Kiganjani

Mlima haumo.
Nilisimama saa mbili kando ya Ziwa Kawaguchi,
vidole vimekufa ganzi, nikaambulia wingu.
Kijana wa kukodisha baiskeli akanifariji:
“Upo. Jana ulikuwepo.”
Wingu lenyewe si baya. Litazame:
kama mtu aliyejifunika gubigubi kukwepa wageni.

Hii ni Kyoto: visogo vya watu
waliokuja kupiga picha, nami nyuma yao
napiga picha ya simu zilizoinuliwa,
na ndani ya kila simu hekalu la dhahabu,
dogo, punje ya mtama.

Hii imetikisika. Treni ya Iida
iliondoka saa tatu na dakika saba,
si sita, si nane,
na kondakta alipofika mlangoni aligeuka
akaliinamia behewa zima,
pamoja na viti vitupu.
Nilikuwa nacheka. Ndiyo maana.

Sasa hii. Usiipite haraka.
Bi Toshie Kumagai, Novemba, chini ya upenu wake.
Hayo ya rangi ya machungwa ni matunda, huitwa kaki;
humenywa, hutungwa kwa uzi, huanikwa yakauke,
tasbihi za jitu lililoacha kusali.
Nilinyanyua kamera, nikaomba kwa macho.
Akanionyesha kiganja: ngoja. Akaingia ndani.
Nikangoja hata kivuli kikahama ukutani.
Alipotoka alikuwa amevua aproni,
amechana nywele, amepaka rangi ya mdomo kidogo tu,
na kifuani amekumbatia picha ya mwanamume
mwenye kofia ya posta.
Kwa hiyo humu wamo wawili.
Mume anaitazama kamera.
Mke anamtazama mume.

Lugha hatukuwa nayo. Tulikuwa na kaki moja,
nje ngozi ya kiatu, ndani uji,
na utamu unaokuja umechelewa, ukiomba radhi.
Akachukua kalamu, akaushika mkono wangu,
akaandika pale anapopatikana:
mistari mitatu, kutoka juu kwenda chini,
ikinitekenya.
Nikatikisa kichwa: nitaituma.
Nikainama. Akainama zaidi. Nikainama tena,
sijui nani alipaswa kuacha.

Usiku, Hirugami, birika la maji ya moto,
mimi uchi na aibu zangu kati ya wenyeji,
nikazama hadi kidevuni, nikashusha pumzi
kama walivyoshusha wote.
Maji yale yanasifiwa: hayaachi kitu kwenye ngozi.

Nilipokumbuka, kiganja kilikuwa safi
kama cha aliyezaliwa saa ile.
Ilisalia herufi moja, nusu yake,
mti mdogo, au mtu aliyesimama.
Nikaipiga picha. Ndiyo hii.

Ahadi ni deni, tuliambiwa nyumbani.
Hatukuambiwa deni hulipwaje
mdai akiwa mjane wa tarishi
na mdaiwa ameoga.

Juu ya bahasha nimeandika:
Bi Toshie Kumagai, Iida, nyumba yenye kaki.
Novemba kila nyumba ina kaki.
Basi nimebandika stempu kupita haja,
na nyuma nimeichora ile nusu ya herufi
kadiri mkono wangu ulivyoweza.
Huenda pale posta yuko mmoja
aliyewahi kupanga barua pamoja na mumewe.

Zilizobaki ni mahekalu.
Zipitie upendavyo.