Mtoto wa Meza

Mtoto wa meza, wa tatu kutoka juu,
ufunguo wake anao Bogna peke yake,
kaufunga uzi mwekundu, kautia mkobani.
Kiwanda cha madirisha, Łódź, theluji hadi kizingitini.

Watu mia na kumi waliomba kazi.
Tisa walipata.
Waliobaki wamelala humu:
namba za simu, tarehe za kuzaliwa,
picha zilizopigwa kwa koti la kuazima,
na barua ya Ziemowit, fundi vioo,
anayeeleza miaka miwili bila ajira:
«Nilikuwa namwosha mama.
Kisha kichwa changu nacho kikachoka.»

Meneja kaja na kahawa.
Shemeji yake anauza bima.
«Majina tu, Bogna, na simu. Nani atajua?»

«Atajua Ziemowit,
simu itakapolia, sauti ngeni
imwite jina kana kwamba imekula naye chumvi.»

Meneja akanywa. Kahawa ilikuwa imepoa.

Leo miezi sita imetimia.
Mashine inatafuna, inakohoa, inatafuna.
Barua ile Bogna hakuisoma tena.
Aliigeuza kifudifudi,
kama amfunikaye mgonjwa shuka,
akaisukuma.

Ufunguo bado uko mkobani.
Jumatatu yaja, na bahasha mpya.